BETRI NDOGO, MOTO MKUBWA
Mambo ambayo mfanyakazi anayepanda ndege, na yule anayepakia mizigo, lazima ayajue

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, mikataba na uzito wa majani ya chai kwenye mizani. Mara hii tunazungumza juu ya betri, na juu ya ndege. Wenzetu wa mashamba ya Teza na Rwegura watauliza: mchuma chai na ndege wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, na tunalijibu kabla ya kwenda mbele.

Mwezi wa Oktoba 2021 nchi yetu ilitia sahihi mapatano na Saudi Arabia juu ya wafanyakazi wanaokwenda kuajiriwa huko. Tangu wakati huo vijana wetu, wengi wao wasichana, wamekuwa wakipitia uwanja wa ndege wa Bujumbura, ule uliopewa jina la Melchior Ndadaye mwaka 2019. Hawa ni watoto wa wachuma chai, wa wakata miwa wa Moso, wa wakamua mawese wa Rumonge na wa wafanyakazi wa viwanda vya hapa mjini. Ni wafanyakazi kama sisi. Wanaporudi, wanarudi na simu, na taa za jua, na pawabenki za kujaza simu wakati umeme umekatika. Vitu hivyo vyote vina betri za litiamu. Na siku hizi wengine wanarudi na kitu kingine ambacho watoto wanakipenda kuliko vyote, nacho ni gari dogo linaloendeshwa kwa redio.

Tena, upande wa pili wa ndege, wapo wenzetu wanaobeba masanduku hayo kwa mikono yao na kuyaingiza katika tumbo la ndege. Nao ni wafanyakazi. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

GARI LA MTOTO

Watoto wa Buyenzi, Kamenge na Kinama ni mafundi wa magari tangu zamani. Kwa waya, kopo la nyanya na kandambili iliyochakaa, mtoto wa miaka minane huunda lori lenye usukani. Si ajabu baba aliye mbali, akiona dukani gari linalokwenda lenyewe, akamkumbuka mwanawe.

Lakini magari hayo ni ya namna mbili, na tofauti yake ni kubwa. La kwanza ni la bei ndogo, linatumia betri za tochi, na halina shida yoyote safarini. La pili ni la watu wazima wanaofanya mashindano. Lina springi, lina mota yenye nguvu, lina vipuri vinavyouzwa kimoja kimoja, na mengine hufikia kilomita 60 kwa saa na zaidi. Nguvu hiyo haitoki hewani. Inatoka katika betri ya litiamu, ambayo mara nyingi ni laini kama kipande cha sabuni kilichofungwa karatasi ya fedha, nayo inaweza kutoa umeme mwingi kwa mara moja.

Ndugu mmoja aliyefanya kazi miaka miwili katika nchi ya Ghuba alimnunulia mwanawe gari la namna hii ya pili, pamoja na betri mbili za akiba. Akazifunga vizuri katikati ya nguo, ndani ya valizi kubwa, akaikabidhi uwanjani. Alipofika Bujumbura akafungua: gari lipo, betri za akiba hazipo, na juu ya nguo kuna karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Alikuja kwenye sendika akiuliza ni nani amemwibia. Tuliisoma karatasi ile pamoja naye. Hakuwa ameibiwa. Betri zilitolewa kwa sababu zilikuwa mahali palipokatazwa. Laiti angeziweka katika mkoba wa mkononi, zingefika salama.

Fedha aliyopoteza ilikuwa ya siku nyingi za jasho. Na wakala aliyempeleka alimfundisha mambo mengi juu ya utii kwa mwajiri, lakini juu ya mzigo wake mwenyewe hakumwambia neno. Hapo ndipo tulipoamua kuandika makala hii.

KWA NINI BETRI HII HUWAKA

Tueleze kwa lugha ya fundi. Ndani ya betri ya litiamu mna karatasi mbili nyembamba za madini, moja ya shaba na moja ya alumini, zilizopakwa dawa. Katikati yake pana utando wa plastiki mwembamba sana unaozitenga zisigusane. Vyote vimeloweshwa na maji ya dawa ambayo yanashika moto upesi.

Utando ule ukitoboka, kwa sababu betri imepondwa, au imejazwa umeme kupita kiasi, au ilitengenezwa vibaya, pande mbili hugusana. Umeme hupita mahali pasipo pake, na joto hupanda. Joto hilo huharibu sehemu ya jirani, nayo hutoa joto lake, na hivyo hivyo, mpaka betri inavimba, inatoa moshi na kuwaka. Hata nje ya betri, ikiwa vichwa vyake viwili vimegusana na funguo au sarafu ndani ya mfuko, mambo ni yale yale.

Moto huu una tabia mbaya. Ukiuzima ndimi zake, betri bado ina joto ndani, na inaweza kuwaka tena. Ndani ya tumbo la ndege za abiria mna gesi ya kuzimia moto iitwayo haloni. Gesi hiyo huzima ndimi za moto wa nguo au karatasi, lakini haiipoozi betri. Kinachoipooza ni maji mengi.

Sasa tunaweza kujibu swali ambalo wasafiri wengi huuliza kwa hasira: kama kitu hiki ni cha hatari, mbona wanatuambia tukae nacho pamoja na watu, badala ya kukiweka chini na mizigo? Sababu ni kwamba juu kuna macho na mikono. Betri ikianza kutoa moshi miguuni pa abiria, ataiona, atamwita mhudumu, na wahudumu wamefundishwa kuizima na kuimwagia maji. Ikianza kutoa moshi chini, katikati ya masanduku mia mbili, hakuna atakayeiona mpaka moto umekuwa mkubwa. Sisi wa Bujumbura hatuhitaji kufundishwa maana ya moto uliochelewa kudhibitiwa. Soko letu kuu liliteketea tarehe 27 Januari 2013, na wengi walipoteza mali ya maisha yao yote. Angani hakuna hata njia ya kukimbilia.

YALIYOTOKEA

Tunataja mambo matatu yanayojulikana na kuchunguzwa.

La kwanza. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, aina ya Boeing 747, iliondoka Dubai kwenda Ujerumani ikiwa na maelfu ya betri za litiamu miongoni mwa shehena yake. Dakika kama 22 baada ya kuruka, kengele ya moto ililia. Marubani waligeuza ndege kurudi Dubai. Moshi ulijaa chumba chao mpaka hawakuona vipimo vilivyo mbele yao. Rubani mkuu alikosa hewa ya oksijeni, akaondoka kitini kutafuta nyingine, hakurudi. Mwenzake aliendelea peke yake, haoni kitu, akielekezwa kwa redio. Ndege ilianguka kabla ya kutimia nusu saa tangu kengele ilipolia. Wote wawili walikufa. Wachunguzi walionyesha kwamba moto ulianza katika shehena iliyokuwa na betri hizo. Hawa wawili walikuwa wafanyakazi kazini.

La pili. Tarehe 12 Julai 2013, ndege mpya ya Ethiopian Airlines, shirika ambalo wengi wetu tunasafiri nalo, ilikuwa imeegeshwa London katika uwanja wa Heathrow, bila mtu ndani. Moto ukazuka sehemu ya juu karibu na mkia. Chanzo chake kilikuwa chombo kidogo cha kutoa ishara ndege inapopotea, chenye betri ya litiamu. Wachunguzi waliona kwamba nyaya za betri zilikuwa zimebanwa chini ya kifuniko wakati wa kufungwa. Angalieni, ndugu wa viwandani: waya uliobanwa, kosa dogo la kufunga kifuniko, na ndege nzima ikaungua paa.

La tatu. Tarehe 28 Januari 2025, katika uwanja wa Busan, Korea ya Kusini, ndege ya Air Busan ilikuwa inangoja kuruka na abiria 169. Moto ulianza katika kabati la mizigo juu ya viti. Watu wote walitoka wakiwa hai, kwa sababu ndege ilikuwa bado chini. Paa la ndege liliungua lote. Wachunguzi walisema yaelekea chanzo kilikuwa pawabenki. Tangu Machi 2025 Korea ya Kusini inawataka abiria wakae na pawabenki mwilini au mbele yao, wasiziweke kabatini juu. Na kampuni ya Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isiyozidi wati-saa 100, tena haitumiwi ndani ya ndege. Ndugu wanaopitia Dubai walishike hilo.

SAUTI YA WAFANYAKAZI ILISIKIKA

Wapo wanaodhani sheria hizi zimetungwa na wakubwa ofisini ili kuwasumbua maskini. Sivyo. Mwaka 2015 shirikisho la vyama vya marubani la dunia, pamoja na watengenezaji wa ndege, walisema wazi mbele ya shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga kwamba vyombo vya kuzimia moto ndani ya ndege za abiria haviwezi kushinda moto wa shehena ya betri hizi. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 shehena za betri za litiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake zilipigwa marufuku katika ndege za abiria. Katika ndege za mizigo, betri hizo zisizidi asilimia 30 ya umeme wake, kwa sababu betri yenye umeme kidogo huwaka kwa shida zaidi.

Kwa hiyo sheria hiyo ina sauti za wafanyakazi ndani yake, na ilitangulia kuandikwa kwa maisha ya wafanyakazi.

HESABU YA KILA MSAFIRI

Sheria ya abiria inategemea nguvu ya betri, nayo hupimwa kwa wati-saa. Hesabu yake ni ya darasa la tano: zidisha volti kwa ampea-saa. Ikiwa betri imeandikwa mili-ampea-saa (herufi mAh), gawanya kwanza kwa 1,000.

Mfano wa kwanza: betri ya gari dogo, volti 7.4, mAh 5,000. Hiyo ni 7.4 mara 5, sawa na wati-saa 37.
Mfano wa pili: volti 11.1, mAh 5,000. Jibu ni wati-saa 55.5.
Mfano wa tatu: volti 22.2, mAh 5,000. Jibu ni wati-saa 111. Hii imevuka mpaka wa kwanza.
Mfano wa nne: pawabenki ya mAh 20,000. Volti za ndani ni 3.7, kwa hiyo ni wati-saa 74. Pawabenki ya mAh 30,000 ni wati-saa 111.

Sasa mipaka yenyewe:

1. Betri isiyozidi wati-saa 100 inaruhusiwa bila kuomba ruhusa. Hata hivyo kampuni inaweza kupunguza idadi, kwa hiyo uliza kabla ya kununua betri nyingi.
2. Betri iliyozidi 100 lakini haikuzidi 160 inahitaji ruhusa ya kampuni ya ndege, na za akiba zisizidi mbili.
3. Betri iliyozidi 160 haisafiri na abiria. Usidanganywe na muuzaji.
4. Betri yoyote ya akiba, na pawabenki yoyote, huwekwa katika mkoba wa mkononi tu. Haiwekwi kamwe katika sanduku linalokwenda chini.
5. Betri iliyovimba, iliyopondwa au iliyopasuka haisafiri kabisa, wala juu wala chini.

Na haya ndiyo matayarisho ya gari la mtoto. Itoe betri ndani ya gari. Gari lenyewe linaweza kwenda katika sanduku kubwa, ila kile kidude cha kuliendesha kizimwe. Betri usiijaze umeme. Iache karibu na nusu, na chaja nyingi za magari haya zina kitufe cha kufanya hivyo. Funika vichwa vya waya zake kwa skochi, kimoja kimoja, visigusane. Kila betri iwe na mfuko wake, na ukipata ule mfuko usioshika moto ni bora zaidi. Maandishi yanayoonyesha volti na mAh yasifutike, kwa sababu mkaguzi asipoyaona anaweza kuikataa.

Kama gari ni lile linalotumia mafuta, mafuta yake hayapandi ndege kwa namna yoyote.

Jambo la mwisho ambalo wengi husahau: mara nyingine, mlangoni pa ndege, mhudumu husema nafasi imejaa, akachukua mkoba wako wa mkononi ili uwekwe chini. Hapo hapo mwambie, "Nina betri ndani," uzitoe, ukae nazo. Usione haya. Hiyo ni haki yako na ni wajibu wako.

KWA WENZETU WANAOPAKIA

Ninyi hamchagui mzigo, mzigo unawajia. Lakini mna macho. Katoni yenye betri za litiamu huwa na alama: mstatili au mraba wenye ukingo wa mistari myekundu ya mshazari, na ndani picha ya betri zenye moto. Shehena iliyo nzito zaidi ina alama ya almasi yenye mistari myeusi ya kusimama, picha ya betri, na tarakimu 9.

Katoni yenye alama hizo haitupwi, haikaliwi, haiachwi juani. Ikianguka au ikitobolewa, isipandishwe kabla mkubwa wa kazi hajaikagua. Ikiwa ina joto, inanuka harufu tamu ya dawa, au inatoa moshi, sogeeni mbali, iteni wazima moto, na msivute moshi wake, maana una sumu.

Mkubwa wa kazi akisema, "Pandisha tu, tumechelewa," mnalo neno la kumjibu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali penye hatari kubwa ya karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, lazima alindwe asiadhibiwe. Na mwezi wa Juni 2022 Shirika hilo liliingiza usalama kazini katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama, na Burundi ni mwanachama, inapaswa kuziheshimu, hata kama haijathibitisha mkataba wenyewe. Likateni kifungu hilo kwenye ukurasa huu mlibandike mahali mnapobadilisha nguo.

TUNAYODAI

Ndugu wafanyakazi, kumwambia mfanyakazi ajihadhari ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumdai mwenye wajibu autimize. Kwa hiyo tunadai:

Kwanza, kila wakala anayepeleka wafanyakazi nje awafundishe sheria za mizigo kabla ya safari ya kwenda, na awape karatasi ya kuwaongoza wakati wa kurudi.

Pili, matangazo juu ya betri yawekwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Tangazo la Kifaransa na Kiingereza peke yake halimfundishi mtu aliyesoma kwa lugha yake.

Tatu, mpakiaji apewe mafunzo yanayolipiwa na mwajiri, ndani ya saa za kazi, na glavu na barakoa zinazofaa.

Nne, mfanyakazi asikatwe mshahara kwa sababu mzigo ulichelewa baada ya yeye kusema umeharibika.

Madai haya si makubwa. Karatasi moja yenye lugha mbili, siku moja ya mafunzo. Yule ndugu wa valizi alipoteza betri tu, na mwanawe analisukuma gari kwa mkono hadi leo. Wale wawili wa Dubai walipoteza maisha.

Wajumbe wa mashamba na wa viwanda, someni makala hii kwa sauti mbele ya wenzenu wasiosoma, kisha andikeni majina ya wale wenye ndugu walioko nje, ili tuwapelekee hesabu hii kwa simu kabla hawajafunga mizigo. Na yeyote mwenye safari, aje kwenye sendika na betri yake mkononi. Tutaisoma pamoja, tutazidisha pamoja, naye ataondoka akijua kama itapanda ndege au itabaki.

Umoja wetu ndio ulinzi wetu.